Kinyozi Ndani ya Tangi

Kinyozi alikuwa na wake wawili, au ndivyo mkewe alivyopenda kuwaambia wageni. Wa kwanza ni yeye mwenyewe, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyeolewa kwa ndoa halali na kumzalia pacha ambao sasa walikuwa shule ya bweni. Wa pili ni tangi la kioo la maji ya chumvi, refu kama kitanda cha mtoto, lililokaa sebuleni mahali ambapo watu wenye akili zao huweka kabati la vyombo.

"Mwenzangu huyo," mwalimu alikuwa akisema, akilionyesha kwa kidevu, "ana taa zake, ana hita yake, ana chumvi yake ya mfuko. Mimi nikitaja pazia jipya naambiwa nivute subira."

Yalikuwa maneno ya mdomoni tu. Akitoka shule, mwalimu alikuwa akivua viatu na kukaa mbele ya tangi hilohilo kabla hajanywa hata maji. Ndani yake mlikuwa na matumbawe hai, si yale makavu ya kuwekwa juu ya redio. Mengine yalikuwa na vidole laini vilivyopunga kutwa kucha, mengine yalikaa kama uyoga, na moja kubwa la kijani lilikuwa likivimba mchana mpaka likawa kama mto wa kulalia. Palikuwa na samaki wachache pia, na palikuwa na kamba mmoja mwekundu, mwenye mstari mweupe mgongoni na masharubu marefu kuliko mwili wake.

Kamba huyo ndiye aliyekuwa kipenzi cha nyumba. Alikuwa na jiwe lake, na juu ya jiwe hilo alisimama akitikisa masharubu, na samaki wakamjia mmoja baada ya mwingine ili awatoe uchafu na ngozi iliyokufa. Hata yule samaki wa njano aliyekuwa mkorofi kwa kila mtu, akifika hapo alitulia na kufungua mdomo asafishwe. Siku kinyozi alipoona jambo hilo kwa mara ya kwanza alijipiga kofi la paja. "Huyu mwenzangu kabisa! Ana kiti, ana foleni, na wateja wakorofi anao." Tangu hapo hakumwita kamba. Alimwita Kinyozi Mdogo.

Basi tangi hilo ndilo lililoanza kuugua, na liliugua muda si mrefu baada ya mama kuhamia.

Mama yake kinyozi alikuwa amefiwa na mumewe. Kwanza alikwenda kukaa kwa binti yake, dada mkubwa wa kinyozi, na huko mambo yalikwenda vizuri mpaka siku aliyovunja jagi la kioo. Hakuna aliyemsema. Walimwambia pole mama, usijikate, wakafagia vioo. Jioni ile akafunga sanduku lake la bluu akasema anakwenda kwa mwanawe kubadilisha hewa. Binti alilia, wajukuu wakamshika gauni, wapi. Mama alikuwa mpole wa kupitiliza, lakini akishaamua kuondoka ameondoka.

Ndiyo maana kinyozi alikuwa akilitazama sanduku lile kwa jicho la wasiwasi. Kabati la nguo walimpa, kubwa, limefutwa vumbi, na hakuweka humo hata kitambaa cha kichwa. Alikuwa akitoa nguo ya siku, akiivaa, akiifua, akiikunja na kuirudisha sandukuni. Sanduku lilikaa mguuni pa kitanda, limefungwa, kama la mtu anayesubiri kuitwa. Kila asubuhi kinyozi alisimama mlangoni pa chumba, funguo za kazini mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umeamka salama?"

"Salama. Unahitaji chochote?"

"Sina shida, baba. Wewe nenda kazini."

Jioni ni hivyohivyo: umekula, nimekula, haya alhamdulillah. Kinyozi alimtaka mama yake akae. Hakuwa na namna nyingine ya kulisema jambo hilo, hata moyoni. Alimtaka akae, na hakujua afanye nini ili akae, kwa hiyo alimpa kiti kizuri karibu na tangi, akajiendea kwenye vipimo vyake vya maji ya tangi.

Ugonjwa ulianza na lile tumbawe la kijani. Jioni moja alilikuta limesinyaa kama soksi iliyovuliwa. Vidole laini navyo vililala upande, na uyoga ulijikunja. Kinyozi alipima chumvi, ikawa sawa. Akapima joto, sawa. Akapima uchachu wa maji na kila kinachopimika kwa vichupa vya rangi, akavinyanyua mbele ya taa huku amefumba jicho moja, na vyote vikamjibu kwamba maji hayana neno. Aliingiza mkono mmoja majini na kushika bomba la chuma kwa mwingine, eti asikie kama umeme unavuja, na mkewe akamwuliza kama bima ya maisha ameikumbuka.

Halafu akajishuku mwenyewe, na hapo alistahili sifa. Mtu ambaye mikono yake inashinda kwenye poda, spiriti na mafuta ya nywele, akiitumbukiza kwenye maji ya matumbawe analeta msiba. Akaanza kunawa kama daktari anayekwenda kumpasua mtu, mpaka kwenye viwiko, kisha akasuuza na kusuuza tena mpaka ngozi ikaanza kumbanduka vidoleni. Matumbawe hayakujali. Yalibaki yamenuna.

Dalili iliyomtisha zaidi ilikuwa povu. Pembeni ya tangi palikuwa na mashine inayopuliza mapovu madogo madogo. Uchafu wa maji hunata kwenye mapovu hayo, hupanda nayo, na kumwagikia kwenye kikombe juu. Kikombe kikijaa maji ya kahawia yanayonuka, mwenye tangi hufurahi. Sasa kikombe kilikuwa kikavu. Mashine ilinguruma kutwa na povu halikupanda hata inchi moja.

Akampigia simu jamaa aliyemwuzia matumbawe. "Povu limegoma," akamwambia.

"Povu likigoma ni mafuta, kaka," jamaa akajibu. "Kuna mafuta yanaingia kwenye maji. Badilisha maji, weka mkaa wa kuchujia, halafu mtafute anayeyaleta."

Mafuta! Kinyozi aligeuka kutoka kwenye simu na kumtazama mkewe, ambaye wakati huo alikuwa jikoni anakaanga vitunguu.

Kuanzia siku ile vitunguu vilihamia uani. Manukato yakapigwa marufuku sebuleni, dawa ya mbu ikafuata, na sabuni ya kudekia ikasomwa lebo mstari kwa mstari. Mwalimu alisimama uani na kikaango, upepo ukimzimia jiko, akisema kwa sauti ya kuwafikia majirani, "Ndoa imefika hapa. Nafukuzwa jikoni kwangu kwa ajili ya kiumbe kisicho na mifupa!" Tena palikuwa na suala la kifuniko. Kila jioni kinyozi alikuta kifuniko cha tangi hakijakaa sawasawa alivyokiacha, kimesogea kidogo tu, na kila jioni alimwuliza mkewe, na kila jioni mkewe alimwapia kwamba hajakigusa. Sheria ya nyumba ilijulikana: kifuniko kinafunguliwa na kinyozi peke yake.

Mama alikuwa akisikiliza yote hayo kutoka kwenye kiti chake. "Wanaumwa nini hao, baba?" aliuliza siku moja.

"Hatujui, mama. Kuna kitu kinawafikia."

"Maskini. Watapona," akasema mama, akivikanda vidole vyake vilivyovimba kwenye maungio.

Siku ya kufunga duka la kinyozi ilikuwa Jumatatu. Siku hiyo alishinda nyumbani na tangi lake, akikoroga chumvi kwenye pipa, na baada ya chakula cha mchana akatoa maji ya zamani na kumimina mapya. Jioni matumbawe yakafunguka. Tumbawe la kijani likavimba, povu likapanda, na kinyozi akatembea sebuleni kifua mbele kama aliyezaa. Jumanne jioni, yamefungwa tena. Jumatatu iliyofuata akabadilisha maji, yakafunguka. Jumanne, yamenuna. Alianza kuamini kwamba maji mapya ni dawa, ila dozi ni ndogo, akaongeza pipa la pili.

Mwalimu ndiye aliyelikata fundo hilo. Jumatatu moja alirudi mapema, akapita sebuleni, akasimama.

"Baba Pacha, umeshabadilisha maji?"

"Bado. Ndiyo kwanza nachukua ndoo."

"Basi njoo uangalie."

Kinyozi akaja. Tumbawe la kijani lilikuwa limefunguka lote, na ndoo ilikuwa kavu mkononi mwake.

"Hayafunguki kwa maji yako," mwalimu akasema. "Yanafunguka kwa kuwa wewe upo. Darasani kwangu ni hivyohivyo. Nikiwepo, kila mtu amekunja mikono. Nikitoka nje, ndipo vitu vinavunjika."

"Unataka kusema kuna mtu?"

"Nimesema nilichosema."

Hakuna aliyegeuza macho kuelekea chumba cha mama. Walijitahidi sana kutogeuza.

Jumanne asubuhi kinyozi alimwamkia mama kama kawaida, akatoka, akafungua duka, akanyoa mteja mmoja vibaya, na kumwomba mwenzake amshikie zamu. Akarudi nyumbani kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi, akijiona mjinga. Kigoda cha jikoni hakikuwepo mahali pake.

Kilikuwa sebuleni, na mama alikuwa amekikalia, ubavu wake kwenye kioo. Kifuniko kilikuwa kimesogezwa. Alikuwa amepandisha mkono wa gauni na mkono wake ulikuwa majini mpaka kwenye kiwiko, umetulia juu ya jiwe, na Kinyozi Mdogo alikuwa amesimama kwenye vifundo vya vidole vyake. Alikuwa akimsafisha kucha. Alipeleka vikono vyake vyembamba huku na huku, kidole kwa kidole, kwa utaratibu uleule aliowafanyia samaki. Kuzunguka mkono ule matumbawe yalikuwa yakijifunga moja baada ya jingine, kama majirani wanaofunga madirisha mvua ikija. Na sebule nzima ilinuka dawa ya kuchua, ile ya mafuta, ya kopo la kijani, ambayo mama alijipaka vidoleni kila alfajiri kwa ajili ya baridi yabisi.

"Taratibu, baba," mama alikuwa akimwambia kamba. "Hicho kidole ndicho kinachouma." Akamsogezea kidole kingine. "Jana hatukuonana. Mwenye nyumba alikuwepo." Akacheka peke yake. "Mzee wangu alikuwa akinishika mkono hivi, tukisikiliza taarifa ya habari. Hana neno, anashika tu."

Kinyozi alirudi nyumanyuma mpaka uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliona aibu. Aliona na wivu pia, ndiyo, wivu wa kumwonea kamba. Kutwa nzima alishika vichwa vya watu asiowajua, akawafuta shingo, akawageuza mashavu kwa vidole viwili, na hakukumbuka ni lini alimshika mama yake mkono. Kinyozi mwenzake alikuwa amemchukulia mteja, na kusema kweli mteja huyo alikuwa ametupwa.

"Mwambie," mwalimu akasema alipopata habari.

"Nimwambie nini? Kwamba dawa yake imetuulia tangi? Alivunja jagi akahama mji mzima. Nikifungua mdomo, jioni yupo njiani na sanduku."

"Mwambie tu, Baba Pacha."

Hakumwambia. Alijitia ujanja. Jioni akatangaza mezani, kwa furaha ya kuigiza, kwamba mchawi amepatikana: ni pampu, imekuwa ikivuja mafuta, ameshaitengeneza. Mama akasema ashukuriwe Mungu. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, kinyozi akaweka mfuko mzito wa chumvi juu ya kifuniko cha tangi, akaondoka akijipongeza kwamba amemaliza jambo bila kumwumiza mtu.

Jioni alipofungua mlango, kitu cha kwanza alichokiona ni sanduku la bluu. Lilikuwa limesimama karibu na mlango, na mama alikuwa amekaa kando yake, amevaa viatu vya safari.

"Baba, nimeona nikapumzike kwa shangazi yako kidogo," akasema kwa upole wake.

Kinyozi akasimama hapohapo mlangoni. "Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu."

"Mtu amekukosea?"

"Nimeishi na watu vizuri, baba. Mmenitunza."

Kinyozi aliutazama mfuko wa chumvi juu ya tangi, akaona kwamba na mama anautazama. Mfuko ule ulikuwa umesema kila kitu, tena kwa adabu mbaya. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya magoti ya mama yake.

"Si pampu," akasema. "Ni dawa yako ya kuchua, mama. Mafuta yake. Ukiingiza mkono, matumbawe yanajifunga na povu linagoma. Nilikuona jana."

Mama akaificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama mwanafunzi. "Nimewaua?"

"Hujaua mtu. Wamenuna tu."

"Na mbona hukuniambia? Ukaniwekea gunia juu ya kifuniko kama mwizi wa kuku!"

"Niliogopa utaondoka."

"Nilikuwa naondoka kwa kuwa hukuniambia." Sauti yake ilipanda, na kinyozi hakuwa ameisikia ikipanda tangu baba yake alipokuwa hai. "Kwa dada yako nilivunja jagi, jagi zuri la watu. Nikakaa nikisubiri mtu aseme, mama umevunja jagi letu. Hakuna! Pole mama, pole mama, wakafagia. Mimi niliwalea kwa kelele, ninyi. Baba yako nilikuwa nikimgombeza kwa sababu ya viatu vyake miaka yote, naye akinigombeza kwa sababu ya redio. Mtu asiyekemewa ndani ya nyumba ni mgeni, na mgeni anajua kwamba ataondoka. Basi nikawa naondoka mapema."

Kinyozi akasogeza kigoda karibu zaidi.

"Haya, kemea," mama akaamuru.

"Mama..."

"Kemea, nimekwambia! Nimekuharibia maji, sijakuharibia?"

Kinyozi akavuta pumzi. Mtu mzima, mwenye ndevu na pacha. "Mama," akaanza, kwa sauti nyembamba, "umeniharibia maji yangu." Akaona hakijatokea kitu, akaendelea. "Nimesema kifuniko kisiguswe, wewe umekigusa! Kila siku! Nimenawa mpaka ngozi imetoka. Nimebadilisha maji mapipa kwa mapipa, mgongo umekufa, na wewe umekaa hapo kwenye kiti unaniuliza wanaumwa nini!"

"Na mimi!" mwalimu akapaza sauti kutoka uani, ambako alikuwa bado na kikaango. "Mimi nimekaangia nje kwenye upepo kwa ajili yako, mama! Nimeshukiwa! Nimesomewa lebo za sabuni!"

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akainama, na alipoitoa mikono nyuma ya mgongo ili ajifute machozi, kinyozi aliidaka. Ilikuwa midogo kuliko alivyoikumbuka, na ya moto, na vidole havikunyooka. Alishika tu.

Jioni ile alileta nyumbani mambo ya kazini. Alichovya taulo kwenye maji ya moto, akazikamua, akamfungia mama mikono yote miwili kama anavyowafungia mashavu wateja wa ndevu. Kisha akafungua kopo la kijani na kumchua dawa mwenyewe, kifundo kwa kifundo, taarifa ya habari ikisomwa kwenye redio.

"Unabonyeza sana," mama akalalamika. "Mwenzako ana mkono mwepesi."

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Dawa ikawa ya jioni, na ikawa kazi ya kinyozi. Asubuhi mama alinawa kwa sabuni isiyo na harufu, akasuuza mpaka mwalimu akaridhika, ndipo akaruhusiwa kwenda kusafishwa kucha na Kinyozi Mdogo, kifuniko wazi na kigoda hadharani. Povu lilikuwa la kwanza kusamehe. Uyoga ukafuata, kisha vidole laini, na mwisho kabisa, baada ya kujivunga sana, lile tumbawe la kijani likavimba asubuhi moja ya kazi, wakati kinyozi yuko dukani na hakuna aliyekuwa akililinda. Mama ndiye aliyepiga simu kumwambia, akipiga kelele kana kwamba simu ni kiziwi.

Vitunguu vilirudi jikoni. Kinyozi alirudi kutoka kazini jioni moja, akavikuta vinanukia, akaenda kuchukua chumvi ya kukoroga kwa ajili ya Jumatatu. Mifuko haikuwepo sakafuni ilipokaa siku zote. Chini ya tangi, pale ilipokuwa mifuko, palikuwa na sanduku la bluu.

Akapiga magoti, akalifungua. Lilikuwa limejaa chumvi, mifuko imepangwa vizuri, midomo yake imefungwa kwa mipira.

"Mama!" akaita. "Nguo zako ziko wapi?"

"Kabatini, zitakuwa wapi tena?" mama akajibu kutoka chumbani. "Chumvi yako ilikuwa inapata unyevu hapo chini, mtu mzima huoni. Halafu wewe, jana umeacha taulo zenye maji juu ya kitanda changu. Godoro limelowa! Nani alikufundisha tabia hiyo? Njoo hapa niseme na wewe."

Kinyozi akaenda. Alisimama mlangoni, kisha akaingia ndani kabisa, akakaa kitandani, na akakemewa mpaka chakula kikapoa.